Kaburi la Tano

Stockholm, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Yohana,

Amani iwe kwako, kwa Mama Elia, na kwa wote mnaoamka chini ya paa hilo la Mwankoko. Kifua chako kimetulia? Nauliza kwa sababu majira haya nayajua. Mvua bado, na upepo unaotoka ziwani unabeba vumbi la chumvichumvi mpaka linaingia kwenye unga. Jifunge kitambaa unapokwenda shambani, usione aibu. Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anachechemea, mlimwita bwana mifugo au bado mnabishana?

Mimi huku sijambo. Magoti ndiyo yanayolalamika, maana baridi ya huku si ile ya kwetu ya asubuhi ya mwezi wa sita ambayo jua likitoka inakimbia. Hii inakuja polepole na kukaa kama mwenyeji. Majani ya miti yameshakuwa mekundu, yanaanguka. Mwanangu Tabitha anatoka alfajiri kwenda kwenye kazi yake ya uuguzi na kurudi jioni amechoka, lakini ananitunza vizuri. Kinachonisumbua ni ukimya. Hapa mtu anaweza kupanda ngazi moja nawe mwaka mzima asijue jina lako. Nimezoea, ila sijapenda.

Utaona kwamba mwandiko huu ni wa mkono wangu. Kwa miaka miwili Tabitha ndiye aliyekuwa ananiandikia, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Sasa macho yote mawili yametibiwa. Siku waliyofungua bandeji ya jicho la pili nilisoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa, nikalia mbele ya daktari. Kwa hiyo barua hii haikupitia kwa mtu. Nimeiandika peke yangu, na utaelewa kwa nini nilitaka iwe hivyo.

Ulinipigia simu mara tatu kuhusu makaburi. Mara ya kwanza nilikujibu kwa ukali kwamba mifupa ya Baba isiguswe. Mara ya pili nikasema nitafikiri. Mara ya tatu sikupokea, na hapo nakuomba radhi, maana simu niliiona ikiita. Nimekuelewa vizuri. Barabara mpya imepimwa, inapita palepale nyumbani kwetu pa zamani. Wapimaji wameshaandika makaburi manne, la Babu, la Bibi, la Baba na la Mama, na yanatakiwa yahamishiwe makaburi ya kanisa kabla mvua hazijaanza. Baada ya hapo greda litapita. Ukoo mzima unasubiri neno langu kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Neno langu limo ndani ya barua hii. Lakini unanijua: nilisimama mbele ya ubao miaka mingi mno kuweza kutoa jibu bila kuonyesha njia. Nivumilie, nikueleze kwanza nilikopita.

Macho yalipopona, Tabitha alisema, "Baba, umekaa mjini huu miaka miwili hujauona. Siku zangu za mapumziko tutakuwa tunatembea." Basi tukaanza kutembea. Mji huu mkuu wao umejengwa juu ya visiwa, hata ukienda sokoni unavuka daraja. Jumba la mfalme ni kubwa, la mawe, na mbele yake wanasimama askari vijana wasiotabasamu. Kila uwanja una sanamu ya mfalme fulani, wengi wao wamepanda farasi, na shaba yao imegeuka kijani kwa mvua. Mimi kila sanamu nilitaka kusomewa bamba lake. Tabitha alivumilia sanamu tano, ya sita akachoka.

"Baba, huyu naye ni mfalme. Alipigana vita. Twende."

"Alipigana na nani?"

"Na majirani."

"Alishinda?"

"Baba, angekuwa ameshindwa angewekewa sanamu?"

Nikacheka, lakini nikamwambia kwamba mwalimu akiona maandishi lazima ajue yanasema nini. Pamoja na kucheka kwangu nilikuwa na mzigo moyoni, kwa sababu kila jiwe nililolitazama, mawazo yalirudi kwenye mawe ya Mwankoko.

Juma lililofuata tulikwenda kwenye makumbusho yaliyo kilimani, mahali pa wazi, ambapo wamekusanya nyumba za wakulima wao wa zamani kutoka mikoa yote. Nilidhani ni nyumba za mfano, kama tulivyokuwa tunawafundisha watoto kutengeneza kwa udongo. Sivyo. Ni nyumba zenyewe. Zilibomolewa huko zilikokuwa, gogo moja moja, kila gogo likachongwa alama, zikasafirishwa na kujengwa upya kwa kufuata alama zile. Niliziona kwa macho yangu, nikazipapasa kwa kidole.

Ndani ya nyumba moja palikuwa na mama mtu mzima aliyevaa mavazi ya zamani, na kilemba kichwani, anaoka mikate myembamba juu ya moto wa kuni. Moshi ule, Yohana! Miaka miwili sikuwa nimenusa moshi wa kuni. Nilikaa kwenye kibao na kumwomba Tabitha amuulize kama mwenye nyumba hii alikubali ihamishwe.

Yule mama alicheka. Alisema, jinsi alivyosimuliwa, mwenye nyumba alikubali kwa sharti moja, kwamba jiko lisiachwe. "Wao walitaka kuchukua kuta," alisema, "yeye akawaambia, kuta bila jiko si nyumba yangu, hilo ni zizi."

Nilipokuwa natoka pale, ile hasira yangu ya kwenye simu ilikuwa imepungua nusu. Niliona kwamba kitu kinaweza kuhamishwa kwa heshima kikabaki kile kile, ilimradi anayekihamisha ajue vilivyomo vyote. Nilidhani hilo ndilo jibu langu kwako. Nilitaka kukupigia siku ile ile na kusema, hamisheni. Lakini nilishika simu nikaiweka chini, kwa sababu nilijua bado sijasema kweli.

Safari ya tatu ndiyo iliyonikamata. Tulikwenda na Modesta, rafiki wa Tabitha, muuguzi mwenzake. Ni Msukuma wa Kahama, kwa hiyo ni mtani wetu, na hajawahi kuniacha nipumue. Alisema, "Leo babu Mnyaturu anapelekwa kuona meli. Mshikeni mkono, asije akazama kwenye sakafu." Nikamjibu kwamba Msukuma naye meli ameijua juzi, kabla ya hapo alikuwa akivuka ziwa kwa kushika mkia wa ng'ombe. Watu ndani ya tramu walitugeukia kwa jinsi tulivyocheka.

Meli hiyo imewekwa ndani ya jumba kubwa lenye giza kidogo na ubaridi. Ni ya mbao tupu, ndefu, imejaa sanamu za kuchonga. Nikueleze habari yake. Mfalme mmoja wa zamani aliagiza meli ya vita iliyo kubwa kuliko zote, yenye mizinga mingi. Siku ya kwanza kabisa ya safari yake watu wote wa mji walitoka kuitazama. Haikufika mbali. Upepo ukaipiga, ikainama, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama mbele ya macho ya watu pamoja na waliokuwemo. Ilikaa chini zaidi ya miaka mia tatu. Mbao hazikuoza, kwa sababu bahari ya huku ina chumvi kidogo mno, na yule mdudu anayetafuna mbao za meli hapendi maji ya namna hiyo. Nilimwambia Tabitha kwamba maji ya ziwa letu la Singidani yana chumvi kuliko bahari hii, akadhani natania.

Lakini kilichonishtua ni hiki. Kabla meli haijaondoka, waliijaribu ikiwa bado imefungwa. Walichukua watu kadhaa wakawaambia wakimbie juu ya meli, kutoka ubavu huu mpaka ubavu ule. Meli ikayumba vibaya, mpaka mkubwa wao akasema wasimame, la sivyo itapinduka palepale. Kwa hiyo walijua. Walijua, na bado waliiacha iende, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumpelekea mfalme habari mbaya.

Nilisoma maelezo hayo mara mbili. Modesta akanivuta mkono. "Babu, twende chini, kuna maiti."

Kweli. Chini kuna chumba ambamo mifupa ya waliozama imewekwa ndani ya masanduku ya kioo, na baadhi yao wametengenezewa nyuso, waonekane jinsi walivyokuwa. Nilivua kofia. Nilipofika sanduku la kwanza sikujua la kufanya. Wewe na mimi hatukulelewa kutazama maiti na kupita. Ukifika penye msiba unawatafuta wenye msiba, unawapa pole, unatoa ulichonacho. Basi nikatazama huku na huku nikamwona mama mmoja aliyevaa sare za pale, amesimama peke yake karibu na ukuta, mikono ameifumbata. Kwa kweli alionekana kama mfiwa. Nikatoa noti mfukoni, nikaishika kwa mikono miwili, nikaenda nikainama mbele yake.

"Poleni sana kwa msiba," nikamwambia kwa Kiswahili, maana lugha yao huwa inanipotea nikiwa na moyo mzito.

Yule mama akatazama noti, akatazama uso wangu, akaninyooshea kidole nje, kule wanakouza tiketi. Modesta alishika ukuta kwa kicheko.

"Jamani! Mnyaturu ametoa rambirambi makumbusho! Babu, subiri basi, na sanda tutanunua?"

"Baba, jamani," Tabitha akanong'ona, "hawa walikufa karne nyingi zilizopita."

"Kwani mtu akikaa sana anaacha kuwa maiti?" nikamuuliza.

Tabitha akamgeukia yule mama na kumweleza kwa lugha yao kwamba kwetu ndivyo ilivyo, na kwamba baba yake amempa pole kwa ajili ya hawa. Uso wa yule mama ulibadilika. Alisema amefanya kazi humo miaka mingi na hakuna aliyewahi kumpa pole. Fedha hakuipokea, lakini alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akanizungusha sanduku moja baada ya jingine, kama mwenyeji anayemtambulisha mgeni kwa watu wa nyumba.

Nilimuuliza majina yao. Akasema majina yao halisi hayajulikani, kwa hiyo wamewapa majina ya kuwatambua tu, wasichanganywe. Nikamuuliza kuhusu yule ambaye mifupa yake ilikuwa michache sana, haijazi hata kikapu. Je, naye wamempa jina?

"Ndiyo," alisema, na Tabitha akanitafsiria. "Hata akibakiza mfupa mmoja ni mtu. Tunamhesabu."

Yohana, niliegemea kioo cha sanduku lile. Tabitha alinikalisha kwenye benchi akidhani ni shinikizo la damu. Hata Modesta aliacha mzaha. Nilikaa pale nikiwatazama wageni wale, wasio na ndugu yeyote anayewafahamu, wamehesabiwa mfupa kwa mfupa na watu wasiowahusu. Ndipo nikajua kwamba siwezi tena kukaa kimya juu ya wa kwetu.

Sasa naomba ukae. Kama unasoma barua hii umesimama uani, ingia ndani ukae.

Makaburi ya pale nyumbani si manne. Ni matano. La tano liko nyuma ya jiko la zamani, upande wa ua wa minyaa, chini ya lile jiwe unalonolea panga.

Siku uliyozaliwa hamkuzaliwa mmoja, mlizaliwa wawili. Wa kwanza kutoka alikuwa msichana. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilimsikia akilia kabla yako, sauti ndogo kama ya mtoto wa paka. Wewe ulipotoka ulipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka. Yeye aliishi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Mama alimkuta amepoa ubavuni mwako.

Nikueleze desturi ya wakati ule, kwa sababu vijana wa leo wanaweza kuona ni ukatili. Mtoto mchanga hakupelekwa makaburini kwa wakubwa, wala hakuwekewa matanga. Wanawake walimzika wenyewe, karibu na nyumba, na maisha yakaendelea. Na kwa pacha palikuwa na hofu zaidi. Walisema aliyebaki asiambiwe kamwe, kwa sababu akijua kwamba mwenzake ametangulia atatamani kumfuata. Wewe ulikuwa na afya, lakini Mama alikuwa na hofu. Kila ulipopata homa alilala ameketi.

Waliomzika ni Bibi mzaa mama na Shangazi, ambaye wakati ule alikuwa binti tu. Mimi niliambiwa nichunge mbuzi wasije wakakanyaga udongo mbichi. Walipomaliza, Baba alilibeba lile jiwe la kusagia la Bibi, lililokuwa limelika mpaka halifai tena, akalilaza kifudifudi juu yake ili fisi wasifukue. Kisha akaniita. Hakunipiga wala hakunitisha. Aliniambia hivi tu: "Zakaria, leo umechunga mbuzi. Hukuona kitu kingine."

Nami nikachunga mbuzi tangu siku ile mpaka leo.

Unakumbuka Bibi mzaa mama alivyokuwa akikuita Doto, na Mama akimkatiza kila mara? Ulidhani ni jina la kukudekeza. Bibi alitoka upande wa Usukumani, na kwao pacha wa pili kuzaliwa ndiye Doto. Alikuwa anakuita jina lako. Wa kwanza, Kulwa, ndiye aliyekuwa chini ya jiwe.

Na jiwe lile ulilipenda tangu utoto, sijui kwa nini. Ulikuwa ukipewa ugali wako unakwenda kulia pale. Siku moja Baba alikufokea utoke, nami nikamsikia Mama akimwambia taratibu, "Mwache. Hapo pana ubaridi mzuri." Baadaye ulipokuwa kijana ukalifanya la kunolea. Sikulaumu hata kidogo, hukujua. Lakini nilimwona Mama mara nyingi. Ukianza kunoa tu, anaingia ndani.

Tulikua wavulana wawili, na watu wakasema mama yetu hakujaliwa binti. Alilisikia neno hilo visimani na kanisani maisha yake yote, akanyamaza. Alipolazwa mara ya mwisho hospitali, wewe ulikuwa umetoka kununua dawa, akafumbua macho akaniuliza, "Lile jiwe bado lipo?" Nikamwambia lipo, Mama. Akasema, "Basi." Hakusema zaidi, na mimi sikumuuliza. Nilipaswa kumuuliza jina. Kila siku najuta kwamba sikumuuliza jina.

Sasa unaelewa ukali wangu kwenye simu. Nilijificha nyuma ya mifupa ya Baba. Kama mkihamisha wanne na mimi nimenyamaza, Mama atakwenda kulala makaburi ya kanisa, na binti yake atabaki peke yake chini ya barabara, malori yakipita juu yake. Na kama nikisema, nitakuwa nimevunja neno la Baba na kukuumiza wewe katika uzee wako. Niliogopa yote mawili, kwa hiyo nikakataa kila kitu, nikaacha simu iite. Watu wale wa meli walimwogopa mfalme. Mimi sina hata mfalme wa kusingizia, Baba ana miaka mingi ameshalala. Nisamehe, ndugu yangu.

Basi neno langu ni hili. Hamisheni, ila kwanza nenda kwa wapimaji ukawaambie waandike matano. Kama watabisha kwamba hakuna alama, waambie alama ipo, ni jiwe la kusagia lililolala kifudifudi, na shahidi yupo. Nenda Ilongero kwa Shangazi, umlete. Masikio yake ni mazito lakini kumbukumbu yake ni nzima kuliko yangu. Usimkasirikie. Alikuwa binti mdogo na alitumwa na wakubwa. Ukitaka kumkasirikia mtu nikasirikie mimi, niliyesoma vitabu vyote vile nikashindwa kusema sentensi moja.

Muulize kama anakumbuka jina. Kama hakupewa jina, mpe wewe. Sitaki nimpe mimi. Mimi nilichunga mbuzi tu, wewe ulilala naye tumboni miezi yote.

Siku ya kuhamisha, kazi ya kaburi lake waachie wanawake, kama ilivyokuwa mwanzo. Mama Elia na Shangazi waanze. Usitegemee kukuta kitu. Mtoto wa siku mbili, baada ya miaka yote hii, hutakuta hata ukucha. Msihangaike kutafuta. Chukueni udongo wa chini ya jiwe, beseni moja linatosha, mfunge katika shuka jeupe, na jiwe lenyewe mlibebe. Mchungaji atauliza kama alibatizwa. Mwambie hakuwahi, na kwamba mzee wa kanisa Zakaria anamwomba amwombee hivyo hivyo. Mimi ningependa alazwe ubavuni mwa Mama. Lakini ukiona vingine, iwe hivyo; mimi ni mkubwa wa ukoo, lakini katika jambo hili mkubwa ni wewe.

Na jambo moja zaidi, ambalo nalisema kama mwalimu na kama kaka. Alitoka kabla yako. Kwa hiyo ni dada yako mkubwa, na hujawahi kumwamkia. Kabla jiwe halijainuliwa, chuchumaa pale ulipokuwa unalia ugali, umpe shikamoo yake. Vijana wakicheka, waache wacheke. Huenda ukachoka ghafla kuliko ulivyotegemea. Ukichoka, kaa hapo hapo mpaka nguvu zirudi. Hakuna atakayekuambia uondoke.

Barua hii anakuletea Modesta mwenyewe. Anakwenda kwao Kahama likizo, nami nimemwomba ashuke Singida Mjini akutafute. Sikutaka habari hii ikufikie kwa simu ukiwa sokoni au juu ya bodaboda. Mpokeeni vizuri. Yeye amekwisha kujua, kwa sababu pale kwenye benchi nilimsimulia pamoja na Tabitha, na tangu hapo hajanitania hata mara moja, mpaka nikamwambia akiendelea hivyo atanifanya niugue. Ameahidi kukaa nanyi mpaka shughuli iishe. Mtani msibani ana kazi yake. Atawadai jogoo, atajilaza mbele ya beseni akatae lipite mpaka apewe kitu, atawaita majina yote mabaya. Mwacheni afanye. Huyu mtoto hakuwekewa matanga wala hakutaniwa. Apate vyote kwa pamoja.

Nisalimie Mama Elia, shemeji yangu, mwambie nampa kazi ngumu kwa sababu namwamini. Nisalimie Elia, mwanao mkubwa, na umweleze mwenyewe habari hii, asiisikie kwa jirani. Shangazi mwambie mtoto wa kaka yake sasa anaona vizuri, na kwamba hana kinyongo naye. Mzee wa jirani, yule fundi baiskeli Mwislamu aliyechimba kaburi la Baba pamoja nasi, mpe salamu za peke yake, na umwombe awepo. Tabitha anakusalimia sana baba yake mdogo. Tangu juzi ananiuliza huyo shangazi yake alifanana na nani, na namjibu kwamba kwa kuwa mlikuwa pacha, atazame picha yako.

Mimi siku hiyo nitakuwa huku, kanisani, nimevua kofia. Niambieni saa, nisimame nanyi.

Kaka yenu nyote wawili,

Zakaria